Kwenda kwa Miguu, Kurudi kwa Maji

Nimestaafu juzi tu, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba nikiingia mahali hakuna anayesimama. Miaka yote nimezoea watoto kusimama. Sasa naingia jikoni kwangu, na mbuzi aliyelala mlangoni ananitazama tu, kisha anaendelea kutafuna. Nikaona asubuhi hizi nizitumie kuwaandikia ninyi mliobaki na chaki mkononi, hasa ninyi vijana wawili mlionifuata mpaka nyumbani kuniuliza kazi hii niliiwezaje. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, mishahara haikutosha, na hayo mtajionea wenyewe.

Nilianza kufundisha katika miaka ya hamsini, shule moja ndogo ya bweni mtoni, chini ya Garsen, si mbali na Golbanti nilikozaliwa. Nilikuwa mwalimu wa kike peke yangu. Siku ya kwanza nilisimama ubaoni kuandika tarehe, chaki ikakatika. Nikaanza upya, ikakatika tena. Wavulana wa viti vya nyuma, baadhi yao wenye ndevu za kwanza na karibu rika langu, wakaanza kunihesabia kwa sauti. Mwalimu mkuu akaingia. Aliitwa Yonathan, mtu mfupi, mpole, mwenye kikohozi kilichomtangulia kila aendako, hata tulijua yuko wapi kabla ya kumwona. Aliokota kipande kilichoanguka, akaandika nacho neno moja ubaoni, akanirudishia.

"Ishike karibu na ncha, mwanangu," akasema polepole. "Chaki ndefu ni ya kujionyesha."

Akatoka. Hakuwakemea wavulana, wala hakuniuliza kama naweza. Tangu siku hiyo sijakata chaki, ila kwa hasira.

Mwalimu Yonathan alikuwa na desturi ambayo wazazi hawakuielewa na mkaguzi hakuipenda. Kila mwaka, muhula wa kwanza ukiisha, alilichukua darasa la juu safarini. Walikwenda kwa miguu kutoka Garsen kupanda kaskazini kwa upande wa nyika, katikati ya mifugo ya Waorma, mpaka Wenje. Kutoka Wenje walirudi kwa mitumbwi, mto ukiwashusha. Wanafunzi wetu karibu wote walikuwa watoto wa mtoni, Wapokomo kama mimi, waliozaliwa kati ya migomba na mpunga. Maji waliyajua. Lakini nyika, ambako mtu anatazama mbele na hakuna kinachomzuia kuona, waliiogopa kuliko mamba. Mwaka huu ninaowasimulia darasa lilikuwa na wasichana, ndiyo sababu nami nikaambiwa nifunge mzigo.

Kabla ya kuondoka alitukusanya darasani akataka kila mmoja aseme anachokiogopa. Akaanza yeye.

"Mimi naogopa mahali pasipo na miti," akasema. "Nikitoka kivulini nahisi kama nimevuliwa shati. Kila mwaka naogopa, na kila mwaka nakwenda."

Nilimtazama kama mtu aliyesikia askofu akitukana. Sikujua kwamba mwalimu mkuu anaruhusiwa kuogopa.

Ikaja zamu ya Eliza, msichana mwembamba aliyekuwa wa kwanza katika hesabu. "Ng'ombe," akasema. Darasa likacheka. Mwalimu Yonathan hakucheka. Akamuuliza hofu hiyo ilianzia wapi. Eliza akaeleza kwamba alipokuwa mdogo alitumwa kuteka maji kwenye malka, ile njia pana ambayo mifugo hushukia mtoni kunywa. Kundi likaja kwa kiu, likampitia juu. Akainua pindo la gauni kidogo tu, tukaona kovu chini ya goti. Kicheko kikafa.

Wa mwisho alikuwa Barisa, Mworma pekee katika shule yetu, kijana mrefu aliyekaa karibu na dirisha kama mtu anayesubiri kuitwa. "Maji," akasema. Hapo wakacheka tena, maana wote walimjua: wenzake wakiruka mtoni jioni, yeye alioga kwa ndoo.

"Waliocheka watabeba masufuria," akasema Mwalimu Yonathan. "Barisa, ilianzia wapi?"

"Binamu yangu alivuka na ng'ombe," Barisa akajibu. "Ng'ombe walitoka upande wa pili. Yeye hakutoka."

Baba yake, Mzee Wario, alipomleta shuleni alikuwa ametoa sharti moja tu: mwanawe asiingie mtoni. Mwalimu Yonathan alilikubali, na aliliheshimu. Mpango wa safari ulikuwa kwamba Barisa atakwenda nasi kwa miguu hadi Wenje, kisha atarudi Garsen kwa njia ya nyika pamoja na ndugu zake waliokuwa wanashusha mifugo.

Tuliondoka kungali baridi. Vyombo vyetu vilikuwa vichache, nawatajia kwa kuwa siku hizi mnadhani safari ni basi: kamba ya katani, birika, vikombe vya bati, unga, kwinini, filimbi, na barua ya ruhusa kutoka kwa bwana wa serikali Garsen, kwa maana ilikuwa miaka ya hali ya hatari na mtu hakutembea ovyo. Filimbi nilivishwa mimi shingoni. Nikadhani sasa nitatangulia. Mwalimu Yonathan akanivuta mkono.

"Kaa nyuma kabisa," akaniambia. "Anayetangulia anaonekana jasiri. Anayefuata nyuma ndiye anayejua nani anachechemea."

Hilo lishikeni. Limenisaidia darasani kuliko vitabu vya chuo.

Nyikani, wavulana waliokuwa na kelele bwenini walinyamaza. Walitembea wakigusana mabega, kama kuku walioingizwa nyumba ngeni. Mwalimu Yonathan alitembea huku ameinamisha kofia, anatazama miguu yake, na kila mara alikohoa bila sababu. Barisa peke yake alikuwa amebadilika. Shuleni alitembea kama mgeni, huku alirefuka. Alituonyesha mahali pa kupumzikia, akatukataza kunywa maji yote asubuhi, akanusa upepo akasema kuna moto wa watu upande ule, na kweli ulikuwapo.

Jioni moja tulifika kwa mama yake. Nyumba zao zilikuwa za mviringo, za nyasi na mikeka, na mama yule alitutandikia ngozi akatupa maziwa yenye harufu ya moshi katika chombo cha kusukwa. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, lakini alimshika kila mtoto kidevu akamtazama usoni, kama mtu anayekagua mali aliyorudishiwa. Tulikuwa bado na vikombe mkononi vumbi lilipoinuka. Ng'ombe walikuwa wanarudi.

Sijawahi kuona wengi namna ile. Walikuja weupe katika lile vumbi, pembe juu, wakilia kutafuta ndama wao, na njia yao ilipita hapo hapo tulipokaa. Wavulana walikimbilia nyuma ya nyumba, wabeba masufuria wakiwa mbele. Eliza hakukimbia. Alisimama palepale, kikombe kimemwagika, midomo imekuwa ya majivu. Nilimwita, hakunisikia. Nilitaka kumkimbilia, na miguu yangu ikakataa. Nasema kweli, ilikataa.

Barisa alitembea, hakukimbia, akaja kusimama mbele yake akiwapa ng'ombe mgongo. Kundi likagawanyika likapita pande mbili, kama maji yanavyopita jiwe.

"Usiwatazame wote," akamwambia. "Wote ni wengi. Mtazame mmoja. Yule, mzee, mwenye pembe moja imeshuka. Anaitwa Adi."

"Adi ni nini?" akauliza Eliza.

"Mweupe."

"Wote ni weupe."

"Ndiyo," Barisa akakubali. "Lakini yeye alitangulia."

Eliza akacheka. Kilikuwa kicheko kilichochanganyika na kilio, lakini kilitoka. Barisa akamwita yule ng'ombe kwa mluzi, naye akaja, akasimama akipumua. Eliza akaweka mkono juu ya shingo yake. Aliuacha pale mpaka kundi lote lilipokwisha kupita, na mkono ulitetemeka muda wote. Mama Barisa akasema neno kwa Kiorma. Barisa akatutafsiria: "Anasema, mkono unaotetemeka ng'ombe haumdhuru. Anaudhika na unaopiga tu."

Tulilala pale, tukaondoka asubuhi. Baada ya siku kadhaa tukauona tena mstari wa miti, na Mwalimu Yonathan akavua kofia kwa mara ya kwanza. Lakini tulipofika Wenje hakuwa sawa. Nilidhani ni uchovu. Alikaa chini kwenye baraza ya mwenyeji wetu, na nilipompa chai, meno yake yaligonga kikombe. Homa ilimpanda mbele ya macho yetu. Kwinini tulimpa, akaitapika. Kesho yake asubuhi alikuwa anawaita watoto kwa majina ya wanafunzi wa zamani.

Mto nao ulikuwa umejaa. Wenje hapakuwa na tone la mvua, lakini huko juu bara ilikuwa inanyesha, na maji yalishuka mekundu, yamebeba matawi. Njia ya kando ya mto ilikuwa imeingiwa na maji. Mwenye mitumbwi, Mzee Komora, mtu wa palepale Wenje, aliutazama mto akatema mate.

"Kwa miguu hamfiki naye," akaniambia. "Kwa maji tutafika, ukinipa watu wa kupiga kafi na mmoja wa kuteka maji. Mtumbwi wangu mkubwa unavuja. Na mgonjwa akae mikononi mwa mtu, asilale kwenye maji."

Alikuwa ananiambia mimi. Nikageuka kumtafuta anayeambiwa, nyuma yangu kulikuwa na watoto tu.

Niliwagawa. Wenye kujua kafi nikawaweka huku na huku. Wasichana na wadogo nikawatia katika mtumbwi wa pili, wenye mpigakafi mzuri. Ndugu zake Barisa walikuwa wamefika. Nikamwambia aende nao, tutaonana Garsen. Akamshika Mwalimu Yonathan mkono, akauacha, akaondoka na fimbo yake. Tukamlaza mgonjwa. Mimi nikashika kafi ya mbele, kwa kuwa hiyo niliijua kabla ya kujua kusoma. Tulikuwa tunaanza kusukuma niliposikia mtu anashuka ukingoni kwa mbio, mchanga unaporomoka.

"Mwalimu," akasema Barisa akihema, "kata iko wapi?"

Nikamtazama. "Kata ya nini?"

"Ya kutekea maji. Wote mmeshika kafi. Nani anateka?"

"Baba yako amekataza, Barisa."

"Baba alikataza hajui kama Mwalimu ataugua."

"Na akiniuliza mimi?"

"Mwambie niliingia mwenyewe."

Nawauliza ninyi vijana wangu: mngefanya nini? Chuo hakikunifundisha. Sharti la mzazi ni sharti, na mtoto yule alikuwa anatetemeka mpaka fimbo inaonekana inatetemeka. Lakini mtumbwi ulikuwa tayari una maji kwenye kisigino changu, na mtu aliyenifundisha kushika chaki alikuwa amelala ndani yake. Nikampa kata.

Aliingia kwa magoti. Akakaa akiipa mgongo pua ya mtumbwi, kichwa cha Mwalimu Yonathan mapajani, macho kwenye ile kata ya kifuu na maji ya ndani ya mtumbwi, hakutazama kando hata mara moja. Alikuwa anateka na kumwaga, huku anasema kitu chini kwa chini. Nilidhani ni dua. Baadaye nikatambua alikuwa anataja majina ya ng'ombe wa kwao.

Tulikwenda hivyo kutwa nzima. Viboko tuliwapita kwa mbali, mitumbwi imebana ukingo, Mzee Komora akipiga upondo wake majini kuwatahadharisha. Jua lilikuwa limeinama tulipokaribia Hewani, pale msitu unapoegemea mto. Kwenye kona kulikuwa na gogo chini ya maji, na maji mekundu hayaonyeshi kitu. Tuligonga. Mtumbwi ukapinda, maji yakaingia upande mmoja yote kwa pamoja, na sote tukawa mtoni.

Nilizama nikaibuka. Nakumbuka kwamba sikufikiria mamba hata kidogo, nilifikiria mapaja ya Barisa yaliyokuwa yameshika kile kichwa. Nikageuka. Alikuwa palepale. Amemshika Mwalimu Yonathan kwapani, amemwinua juu kama mtu anayempandisha mtoto juu ya paa, na macho ameyafumba. Maji yalimfika kifuani. Sote tulikuwa tumeangukia juu ya fungu la mchanga, na mtumbwi wa pili ulikuwa umelikwepa gogo.

Nikaweka filimbi mdomoni nikapuliza mpaka masikio yangu yakaziba. Watu wa Hewani walikuwa mashambani wakaja na mitumbwi, wakipiga kelele na kupiga maji kwa kafi ili kitu chochote kilicho karibu kiondoke. Mimi nikasogea kwa Barisa nikamshika Mwalimu miguu.

"Mwalimu," akasema, bado amefumba macho, "Mzee Komora anapiga kelele kwamba niko mtoni."

"Uko mtoni, mwanangu."

Akafikiri. "Mbona nimesimama?"

Nikawa nalia na kucheka na kunywa maji ya mto.

Hewani walitupa moto, nguo kavu na uji. Mama mmoja ambaye hatukujua hata jina lake alimvua Mwalimu Yonathan shati lililolowa akamfunika kanga zake mbili, yeye akabaki na moja. Alfajiri wakatupa mtumbwi usiovuja, tukafika Garsen, tukampeleka dispensari. Dresa, kijana mkali asiyependa maneno, alimdunga sindano, akamsikiliza kifua, akaniambia: "Mngengoja njia ikauke, mngemleta mkiwa mnalia." Jioni homa ikashuka. Mwalimu Yonathan akafumbua macho, akaniona, akauliza watoto wako wapi. Nikamwambia wote wapo. Akauliza nani alikaa nyuma. Nikamwambia safari hii nilikaa mbele. Akanitazama sana, akasema, "Basi umeona pande zote," akalala.

Habari hazihitaji mtumbwi. Mzee Wario alifika siku iliyofuata, mrefu kama mwanawe, fimbo mabegani. Nilikuwa mlangoni mwa dispensari. Nilijua anakuja kumchukua mtoto, na nilijua hana kosa.

"Wewe mwalimu?" akaniuliza.

"Mimi, baba."

"Mimi nilisema neno moja tu shuleni. Moja. Mtoto hapana ingia mto."

"Ulisema, baba. Nami nilimpa kata. Sitasema vingine."

Barisa akatokea nyuma yangu. "Baba, niliingia mwenyewe."

Mzee akamtazama juu mpaka chini, kama anahesabu viungo. "Wewe hapana ogopa tena?"

"Naogopa," akasema Barisa. "Lakini sasa najua yananifika wapi." Akaweka kiganja kifuani.

Mzee Wario akavua viatu vyake, akaingia ndani, akakaa chini kando ya kitanda cha Mwalimu Yonathan. Hawakuzungumza mengi, niliwaona kwa dirisha: mmoja amelala, mwingine ameketi, mikono imeshikana. Alipotoka alivaa viatu polepole, kimoja baada ya kingine.

"Mtoto atakaa shule," akaniambia. "Lakini mama yake ana maneno na wewe. Anasema mwalimu gani huyu, analala kwa mtu siku moja, asubuhi anakwenda? Hajashiba kuona hawa watoto. Mwaka mwingine mtalala tatu."

Nikasema tutalala tatu. Tukalala tatu mwaka uliofuata, na miaka kadhaa baada ya huo, mpaka nilipohamishwa.

Mnaniuliza kazi hii niliiwezaje. Niliwezeshwa. Na mtu aliyetaja hofu yake kwanza ili mtoto asione haya. Na mama wa nyikani aliyetushika videvu, na mama wa Hewani aliyebaki na kanga moja. Na Mzee Komora, ambaye mtumbwi wake hatukuupata tena, na aliyekataa kuuzungumzia. Na baba aliyekuwa na haki ya kukasirika akaenda kukaa chini kando ya kitanda. Sina hakika nimewalipa. Nadhani hakuna aliyengojea malipo.

Asubuhi ya kuondoka Garsen, Mwalimu Yonathan akiwa bado kitandani, niliwapanga watoto nje ya dispensari tuelekee shuleni. Njia zilikuwa mbili, ya miguu na ya maji. Nilitaka kuwaamulia, nikabadili nia, nikawauliza wao.

"Mtumbwi," akasema Eliza papo hapo. "Ng'ombe nimewaona."

"Miguu," akasema Barisa. "Maji nimeyaona."

Yakaanza mabishano, watoto wale wale walionyamaza nyikani wakisemezana wote kwa pamoja, kila mmoja anamweleza mwenzake hatari asizozijua, mpaka dresa akatoka akatufukuza kwa kuwa tunawaamsha wagonjwa. Tukaenda zetu barabarani bado wanabishana, nami nikakaa nyuma, nikiwasikiliza.